MOTIONGATE DUBAI: UKISHAKWENDA MARA MOJA, URUDI TENA?

KIJANA yeyote aliyetia mguu Dubai akirudi Bongo huulizwa maswali mawili hata kabla hajafungua begi. La kwanza: umeniletea nini? La pili: ule mjengo mrefu kuliko yote duniani umeupanda? Siku hizi limezuka la tatu, nalo linatoka kwa wale wenzangu na mimi tuliolelewa na sinema. Wanauliza: ile bustani ya sinema inayoitwa Motiongate ina lolote? Na mtu akishaingia mara moja, akapiga picha zake na kutamba nazo mtaani, ana haja gani ya kurudi?

Swali la kwanza na la pili nawaachia wenyewe. Hili la tatu nalijibu, kwa sababu pale nimeingia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Novemba 2023, nilipomsindikiza shangazi yangu ambaye hufuata mzigo Deira na kuuleta Kariakoo. Mara ya pili ilikuwa Desemba 2024, na safari hiyo ilikuwa na uzito mwingine kabisa, nitaieleza mbele. Kwa hiyo sikuhadithii ya kuambiwa.

Ila nianze na hesabu, maana starehe bila hesabu ni balaa. Bustani hiyo ilipofunguliwa, Desemba 2016, kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dirham mia tatu na ushee. Dola moja ni dirham 3.67, na imekaa hapo hapo kwa miaka mingi, kwa hiyo unazungumzia zaidi ya dola 80 kwa siku moja, kwa mtu mmoja, kabla hujanunua hata maji. Bei hupanda na kushuka, na kuna siku huwa na punguzo, lakini ndio ukubwa wa mchezo wenyewe. Kwa pesa hiyo mtu wa Manzese analipia chumba miezi miwili mitatu, na mama ntilie anapata mtaji. Ndiyo maana swali la kurudi tena si la kitoto.

PALIVYO

Motiongate iko Jebel Ali, kando ya barabara kuu ya Sheikh Zayed, ile inayotoka Dubai kwenda Abu Dhabi. Ukiwa Deira jua unatoka upande mmoja wa mji kwenda upande wa pili kabisa. Ni mbali. Metro inakufikisha sehemu, halafu unamalizia kwa basi au teksi. Mwenye haraka anakodi teksi moja kwa moja na analia wakati wa kulipa.

Ukifika, hukuti bustani moja. Eneo zima linaitwa Dubai Parks and Resorts, na ndani yake zimo bustani kadhaa, kila moja na kiingilio chake. Katikati kuna mtaa wa matembezi na mikahawa uitwao Riverland, umepita pembeni ya mto wa kuchimbwa. Upande mmoja umejengwa kama kijiji cha zamani cha Ufaransa, upande mwingine kama Marekani ya miaka ya 1950. Jioni taa zikiwashwa ni patamu, na vidosho wamejaa wanapiga picha.

Motiongate yenyewe ni muungano wa makampuni ya sinema ya Hollywood: DreamWorks, wale wa katuni za Shrek, Kung Fu Panda na Madagascar, Columbia Pictures, wenye Ghostbusters, Hotel Transylvania na Zombieland, na Lionsgate, wenye The Hunger Games, ambao sehemu yao ilifunguliwa 2017. Pia kuna kijiji cha Smurfs, wale vijitu vya bluu, kwa ajili ya watoto wadogo. Ukishalipa mlangoni umelipia vyote. Unapanda unachotaka, mara unazotaka, ilimradi uvumilie foleni.

Jambo moja ambalo mgeni hushukuru: eneo la DreamWorks lote liko chini ya paa, na kipupwe kinapuliza. Dubai mwezi wa saba na wa nane joto hupita nyuzi 40, sio joto la kwetu la Desemba ambalo unatoka na kukaa chini ya mwembe. Lile linakuchoma hadi soli ya kiatu. Kwa hiyo humo ndani ndimo familia nzima hujificha.

MARA YA KWANZA NI MOTO

Sitaki kuwazuga. Mara ya kwanza, kwa mtu aliyekulia mbele ya luninga ya jirani, pale ni bomba. Unapita geti, unakuta jengo limechongwa kama mtaa wa New York wa kwenye sinema, na moyo unakuenda mbio kama umemwona mchumba.

Nilianza na kitreni cha Madagascar. Hiki kinakimbia ndani ya jengo, gizani, kinafyatuka kama jiwe la manati, na kisa chenyewe ni kukimbizwa na yule mama mkali wa kukamata wanyama. Sisi watu wa Kiswahili tuna haki maalumu na Madagascar. Kwenye ile ya pili, ya mwaka 2008, kuna kiboko mwenye mbwembwe anayeitwa Moto Moto, na wazungu walicheka bila kujua kwamba sisi hatukuhitaji kutafsiriwa. Kwenye foleni nilimsikia baba mmoja mwenye kanzu ya Kiomani akiwaambia wanawe kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Haya shikaneni, msipotezane." Nikageuka, tukasalimiana, tukawa ndugu kwa dakika kumi. Huko Ghuba Kiswahili kipo, usipige umbea ovyo kwenye foleni ukidhani husikiki.

Baada ya hapo ni Dragon Gliders, kitreni ambacho hukai juu ya reli, reli iko juu yako na miguu yako inaning'inia, kama umebebwa na yule joka wa How to Train Your Dragon. Halafu ule mnara wa Zombieland, unaokaribia mita 60, ambao wanakupandisha hadi juu kabisa na kukuachia. Hapo sijui nilisema nini. Jirani yangu Mfilipino alisema nimemwita mama yangu mara tatu.

Kifupi, siku ya kwanza huna muda wa kufikiri. Kila kona kitu kipya. Unatoka jioni sauti imekauka, miguu imevimba, na unaapa kwamba mwakani utarudi.

Sasa hapo ndipo pa kutulia, msomaji wangu.

KIBANDA CHA VIDEO KINATUFUNDISHA

Hebu tujiulize swali dogo. Hivi kuna mtoto wa mjini wa rika letu aliyeona Commando mara moja tu? Arnold Schwarzenegger aliicheza filamu ile mwaka 1985, na vibanda vya video viliionyesha hadi kanda ikawa na chengachenga. Sholay ya Wahindi ni ya 1975, na wazazi wetu wanaweza kukueleza kila tukio kwa mpangilio, kuanzia Gabbar Singh anavyocheka hadi nani anakufa lini. Walishaiona mara kumi, na ya kumi na moja wangelipa.

Kwa nini basi filamu moja tunaivumilia mara kumi, wakati kitreni cha dakika tatu mara ya tatu tunapiga miayo?

Sababu ya kwanza ni bei, hiyo haina ubishi. Kibanda ni chee. Lakini sababu ya pili ndiyo yenye maana. Kibandani hatukuwa tunakwenda kuona filamu peke yake. Tulikuwa tunakwenda kumsikia yule jamaa anayetafsiri, ambaye leo anaongeza kichekesho hiki, kesho anaongeza kile, keshokutwa anamwita shujaa kwa jina la beki wa Simba. Tulikwenda pia kuwasikia washkaji wakishangilia. Filamu ilikuwa ile ile, lakini kila siku ilikuwa na watu wapya ndani yake.

Mchezo wa mashine hauna mambo hayo. Kile kiti kinachotikisika mbele ya skrini, kama ule wa Kung Fu Panda au ule wa kuzunguka juu ya nchi ya Panem, kinakutikisa leo kwa sekunde zile zile kilizomtikisa mtu wa jana. Adui anatokea kulia, unaruka. Mara ya pili anatokea kulia tena, unamsubiri. Mara ya tatu unamwonyesha mwenzako: "Subiri, sasa hivi anatokea kulia." Umeshakuwa yule mtu anayesimulia filamu kabla haijaisha, ambaye kibandani tungempiga makofi.

Na hili si tatizo la Dubai tu. Ni tatizo la biashara hii tangu ilipozaliwa.

WALIANZA NA KUKU

Tuingie kwenye historia kidogo, usilale. Mwaka 1915 bwana mmoja mhamiaji kutoka Ujerumani, Carl Laemmle, alifungua mji wake wa kutengenezea sinema karibu na Los Angeles, akauita Universal City. Mjanja yule aliona watu wanapenda kuchungulia jinsi filamu zinavyotengenezwa, akaamua kuwatoza. Kwa senti 25 za Marekani ulikaa kwenye jukwaa ukitazama waigizaji wakifanya kazi, na ukipewa kiboksi cha chakula chenye kuku. Kwa vile filamu za wakati ule hazikuwa na sauti, watazamaji waliruhusiwa kushangilia na kuzomea wapendavyo.

Filamu za sauti zilipoingia, kelele hazikuwezekana tena na wageni wakafungiwa geti. Wakarudishwa rasmi mwaka 1964, safari hii wakizungushwa kwa vigari vya wazi kupita kwenye majengo ya kuigizia. Hapo ndipo Universal Studios Hollywood ya leo ilipoanzia.

Sasa angalia jamaa walivyofanya ili watu warudi. Mwaka 1993 walifungua pale mchezo wa Back to the Future. Ulikuwa unatesa. Mwaka 2007 wakaufunga, na mwaka uliofuata jengo lile lile likawa la The Simpsons. Mchezo wa maji wa Jurassic Park, wa mwaka 1996, waliufunga 2018 na kuufungua upya mwaka uliofuata kwa jina la Jurassic World. Mwaka 2016 wakaleta kijiji cha Harry Potter, mwaka 2023 wakaleta ulimwengu wa Nintendo. Yaani wanavunja na kujenga kila baada ya muda, kwa sababu wanajua anayeishi Los Angeles akiona vile vile hatoi tena mshiko wake.

Ila kuna kitu kimoja pale ambacho kilidumu, nacho ndicho kilichonifungua akili. Filamu ya Waterworld ya Kevin Costner ilitoka 1995 ikiwa imekula fedha nyingi kupindukia, na huko kwao ilichekwa. Lakini mwaka huo huo bustani ilianzisha onyesho lake la jukwaani, watu wazima wanapigana juu ya maji, wanaruka kutoka mnarani, moto unawaka, ndege inaanguka. Onyesho hilo limeendelea kwa zaidi ya miaka 25. Filamu ikasahauliwa, onyesho likabaki. Kwa nini? Kwa sababu wanaoruka ni watu. Leo anaruka vizuri, kesho anateleza kidogo, na wewe uliyekaa viti vya mbele unalowa. Ni kama yule mtafsiri wa kibandani.

ALIYEKUFA JIRANI

Kama unadhani nachezea maneno, tembea hatua chache kutoka Motiongate. Novemba 2016, mwezi mmoja kabla ya Motiongate, pale pale ilifunguliwa bustani ya sinema za Kihindi, Bollywood Parks Dubai. Ilikuwa na mchezo wa Don, wa Krrish, wa Ra.One, wa Lagaan, na mmoja wa Sholay ambao mlikaa mnalenga shabaha kumsaka Gabbar Singh mwenyewe. Jamani, mtoto wa Dar ambaye babu yake alipanga foleni Avalon na Empire siku za picha za Kihindi, unafikiri angetaka nini zaidi?

Aprili 2023 ikafungwa moja kwa moja. Mimi nilifika Novemba mwaka huo, nikaishia kulitazama geti. Na pale Dubai Wahindi ni wengi kuliko hata wenyeji, wateja walikuwa mlangoni. Sikai ofisini kwao, siwezi kukusomea vitabu vyao vya hesabu. Lakini jambo moja kila mwenye genge analijua: biashara haiishi kwa mteja anayeonja, inaishi kwa mteja anayerudi. Mwaka 2024 eneo lile likafunguliwa upya, safari hii likiwa Real Madrid World, mambo ya mpira. Ile bembea ndefu iliyopata kuwa fahari ya Bollywood imebaki, imepewa jina jipya. Gabbar Singh kapisha Santiago Bernabéu.

Motiongate yenyewe haikulala. Upande wa Lionsgate, miaka kadhaa baada ya kufungua, waliongeza vitreni viwili vipya, kimoja cha John Wick na kimoja cha Now You See Me. Kwa hiyo aliyekwenda miaka ya mwanzo ana sababu ya haki ya kurudi. Aliyekwenda juzi kama mimi, sababu hiyo hana.

Basi mbona nilirudi?

MARA YA PILI

Nina dada yangu anafanya kazi Dubai, saluni, siku sita kwa wiki. Mwanawe wa kiume anaishi kwa Mama, Tanga. Desemba 2024 Dada alikuwa ametimiza miaka miwili bila kuja nyumbani, na badala ya yeye kuja, akakusanya vijisenti akalipa tiketi mbili na viza mbili, nikampeleka mtoto. Miaka minane. Siku aliyopata ya kukaa naye kutwa nzima bila mteja wala simu ilikuwa moja tu. Akasema, "Tumpeleke kwenye masinema."

Nikamwambia, "Dada, mimi pale nimeshapaona. Na ile ni fedha ya bati la jikoni kwa Mama. Tumpeleke ufukweni, bure."

Akanijibu, "Mdogo wangu, wewe umepaona. Yeye hajapaona, na mimi sijapaona naye."

Ubishi ukaishia hapo. Tukaenda siku ya katikati ya wiki, watu wachache.

Kwenye mlango wa kila mchezo mkali kuna kijiti cha kupimia urefu. Mtoto asipofika kwenye alama, hapandi, hata ukilia machozi ya damu, na wako sahihi, ni usalama wake. Tulipofika kwenye kimoja, mtoto akang'ang'ania. Dada akamvuta mkono. "Wewe bado mdogo, twende kule kwa Smurfs." Binti wa mlangoni akasema hapana, ngoja tupime. Akamsimamisha wima, akaweka mkono juu ya kichwa. Alama ilikuwa chini ya sikio. Kapita, na ziada.

Dada akabaki amesimama. Kule chumbani alikuwa na begi zima la nguo alizomnunulia kwa muda wa miaka miwili, kila mwezi kitu kimoja, na kabla ya siku ile alikuwa amejisemea kwamba zimembana kwa sababu ni za Kichina. Hakusema neno. Akampa mtoto mkono wakaingia foleni wote wawili, mimi nikabaki na mabegi.

Basi siku hiyo nikaiona Motiongate nyingine. Kile nilichokiona bomba mwaka uliotangulia, mtoto alipita bila habari. Shrek, ambayo mimi niliiona ya polepole, inakupitisha kwenye hadithi ya Shrek na Fiona kama unasimuliwa na bibi, aliitaka tena ilipoisha. Lakini iliyowateka wote wawili ni ya Ghostbusters. Mnakaa kwenye gari, kila mtu na bunduki yake ya mwanga, mnawapiga mizimu ya New York, na mashine inahesabu pointi za kila mmoja.

Raundi ya kwanza mama alishinda. Mtoto akanuna. "Mama, tena." Raundi ya pili mama akashinda kidogo. "Mama, tena." Waliingia mara tano. Mara ya tano mtoto akamshinda, na ile furaha sikuiona mwaka 2023 kwenye uso wa mtu yeyote aliyeshuka kwenye mnara wa mita 60. Dada anaapa hadi leo kwamba hakumwachia.

Rejea nilichosema kuhusu kibanda. Mashine ni ile ile, mizimu ni ile ile, inatokea pale pale. Lakini pointi zinabadilika kwa sababu mshindani wako ni mtu, na mtu habashiriki. Hapo ndipo pesa ya mara ya pili ilipojilipa.

TIKETI YA MWAKA?

Tulipokuwa tunatoka Dada akasimama kwenye tangazo la tiketi ya mwaka mzima, ile unayolipa mara moja ukaingia kila upendapo. Nikajua kimenuka. Nikamuuliza, utakuja na nani, mtoto anarudi Tanga wiki ijayo? Akasema atakuja peke yake siku zake za mapumziko, akae kule ndani kwenye kipupwe anywe kahawa. Kwamba katika mji ule kila mahali anapokwenda anakumbuka kazi, isipokuwa pale.

Hoja yake naiheshimu, lakini sikuiunga mkono, na tulibishana ndani ya basi hadi mtoto akalala. Nilimwambia kahawa na kipupwe hata kwenye maduka makubwa ya Deira vipo na kiingilio hakuna. Nikamwambia Riverland ni matembezi tu, anaweza kukaa pale jioni nzima. Na nikamwambia tiketi ya mwaka ni ya familia inayoishi pale yenye watoto watatu, ambao kila Jumamosi wanavunja vyombo ndani. Kwao hao inajilipa ndani ya safari chache. Kwa mtu mmoja mwenye siku moja ya mapumziko, na safari ndefu kwenda na kurudi, ataitumia mara nne akajidanganya kwamba kafaidi.

Hakununua. Alisema kitu kimoja tu, kwamba mtoto akija tena atakuwa amefika kwenye alama ya vile vitreni vikubwa alivyokataliwa. Hapo sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Bustani haitakuwa imebadilika. Yeye ndiye atakuwa amebadilika, na kile kijiti cha mlangoni kitakuwa shahidi.

HUKUMU YANGU

Sasa nikukatie shauri, msomaji, usije ukasema nimekuzungusha.

Kama wewe ni mpita njia, umekuja kufuata mzigo au kumtembelea ndugu, na una siku moja ya kujirusha, nenda Motiongate mara moja na uifaidi vizuri. Chagua siku ya katikati ya wiki. Tangu Januari 2022 mapumziko ya kule ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku, kwa hiyo wale vijana waliozoea kukwepa Ijumaa tu waisome upya kalenda. Nenda kati ya Novemba na Machi, hali ya hewa ni kama Lushoto. Anza na vitreni vikubwa asubuhi foleni zikiwa fupi, jua likipanda ingia DreamWorks kwenye paa. Kula kabla hujaingia.

Kama ulishakwenda peke yako na unataka kurudi peke yako, acha. Utalipa kiingilio kizima kwenda kusubiri adui atokee kulia. Hizo dirham panda nazo basi hadi Abu Dhabi, kisiwa cha Yas. Huko iko Warner Bros. World, ilifunguliwa Julai 2018, yote iko ndani ya jengo moja. Humo kuna mji wa Batman, mji wa Superman na mambo ya Bugs Bunny. Angalau ni mapya kwako.

Kama ulishakwenda lakini safari hii una mtu ambaye hajafika, rudi. Ila usimkokote kwenye vile ulivyovipenda wewe. Mfuate anakotaka yeye, na mtafute mchezo unaohesabu pointi. Na kama mtu huyo ni mtoto, mpime nyumbani kabla, mjue mapema atakubaliwa wapi.

Mara ya tatu? Mara ya tatu subiri mtoto arefuke, au subiri wajenge kitu kipya. Kimojawapo kikitokea, nitafute. Mabegi nitabeba mimi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.